Besi Inayovuma na Besi Inayosema

Siku hizi hapa Mwanza mtu akitaka kuusifu muziki hasemi kwamba waimbaji wameimba vizuri, wala kwamba mpiga solo ana vidole vyepesi. Husema, "Besi inagonga!" Ukimfuatilia utagundua kwamba anachokisifu ni spika. Ameyasikia mabati ya paa yakitetemeka, ameiona soda ikicheza ndani ya chupa, basi ameridhika. Ukimwomba akuimbie hiyo besi iliyomgonga, hana la kuimba. Imempita kifuani kama lori la mchanga linavyopita barabarani: ametikisika, lakini hakusikia neno.

Katika kurasa hizi nataka kuutetea upande mwingine. Nashikilia kwamba besi ni sauti ya mtu anayesema, na kwamba gitaa la besi huchaguliwa kwa jinsi linavyosema mbele ya watu wa mahali fulani, katika jengo la namna fulani. Jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa ni jambo dogo, na kina cha mngurumo wake ni jambo dogo zaidi. Msomaji anaweza kudhani kwamba hii ni hoja ya wapiga magitaa peke yao. Lakini mji huu una kwaya nyingi, kila kwaya ina mhazini, na fedha za kununulia gitaa hutoka kwa akina mama wanaouza dagaa pale Mwaloni na vijana wanaoendesha bodaboda. Gitaa likichaguliwa vibaya, ni jasho la watu limekwenda.

Nianze na sayansi kidogo, nayo msomaji asiiogope. Uzi mnene kuliko wote katika gitaa la besi la nyuzi nne, ule wa E, ukipigwa wazi hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde. Unaofuata, wa A, hutikisika mara 55; wa D mara 73; wa G mara 98. Wimbi la ile sauti ya chini kabisa lina urefu wa zaidi ya mita 8, yaani refu kuliko sebule ya mtu wa kawaida. Hakuna redio ndogo ya mkononi inayoweza kulitoa wimbi hilo. Spika yenye upana wa kiganja huanza kuishiwa nguvu hata kabla hujashuka hadi mitikisiko 100. Ilikuwaje basi wavuvi wa Ukerewe na wakulima wa Sengerema, waliosikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam kwa redio za betri, waliijua besi ya kila wimbo na kuiimba kwa midomo huku wakishona nyavu?

Jibu lake ni kwamba uzi hautoi sauti moja. Unatoa ukoo mzima: ile ya 41 ndiyo baba, na juu yake kuna watoto, 82, 123, 164, na kuendelea. Sikio la binadamu limeumbwa kwa namna ambayo likiwasikia watoto humtambua baba, hata kama baba mwenyewe hayupo chumbani. Redio ndogo ilikuwa ikituletea watoto tu, na sisi tukammalizia baba kichwani. Kwa hiyo gitaa lenye watoto wengi wenye afya lilisikika hadi visiwani, na gitaa lenye baba mkubwa asiye na watoto lilipotelea njiani. Leo redio ile imegeuka simu ya mkononi, ambayo spika yake ni ndogo kuliko ya redio. Sheria haijabadilika hata kidogo.

Wale waliorekodi kwa ajili ya redio walilijua jambo hili, kama si kwa hesabu basi kwa masikio. Bendi za dansi zilikuwa zikiingia studio za Radio Tanzania na kupiga zote kwa pamoja, magitaa, ngoma, tarumbeta na waimbaji, na kilichoingia kwenye utepe ndicho kilichotoka. Msomaji mwenye subira azisikilize tena nyimbo za Mlimani Park, bendi iliyoanzishwa mwaka 1978 na ambayo wengi tuliiita Sikinde. Baadhi ya nyimbo hizo zilikusanywa katika albamu ya mwaka 1994 iliyotolewa Marekani na Africassette. Aiache sauti ya mwimbaji ipite, afuate besi peke yake. Ataona kwamba besi ile si nzito kama anavyoikumbuka. Ina mviringo, ndiyo, lakini kila noti ina ncha. Inaingia, inasema neno lake, inanyamaza. Kunyamaza kwake ndiko kunakowaachia nafasi wale wapiga magitaa watatu waliojazana juu yake. Besi ya leo ya studio nyingi haijui kunyamaza; ikishaanza kuvuma inavuma hadi wimbo uishe.

Lakini mfano wangu mkubwa haupo Dar es Salaam. Upo huku huku ziwani. Ukiufuata mwambao kwenda kaskazini, ukapita Musoma na kukaribia mpaka wa Kenya, unafika Shirati. Hapo ndipo alipozaliwa mwaka 1940 Daniel Owino Misiani, aliyelibeba jina la kijiji chake hadi Ulaya kwa bendi yake ya Shirati Jazz. Kazi yake kubwa aliifanya Kenya, na huko Kenya, karibu na Kisumu, akafa kwa ajali ya gari mwezi Mei mwaka 2006. Mwaka 1989 zilitoka Uingereza albamu zake mbili, *Benga Blast!* na *Piny Ose Mer*, na nashangaa kwamba watu wa Mwanza wanaojua majina ya wapiga besi wa Marekani hawajawahi kuzikalia chini kuzisikiliza.

Katika benga besi haikai nyuma. Inasimama bega kwa bega na solo, na mara nyingine inatangulia. Noti zake ni fupi, zimekatwa kwa kiganja au kwa kidole, na kati ya noti na noti kuna hewa. Besi ya rumba ya Kongo hutembea, tena kwa mwendo wa mtu aliyevaa suti. Ya benga inaruka madimbwi. Wajuzi wengi huunganisha upigaji huu na nyatiti, kinubi cha Wajaluo chenye nyuzi nane, ambacho mpigaji wake huvaa pete ya chuma kwenye kidole cha mguu na kuigonga kwenye ukingo wa chombo huku mikono ikicheza na nyuzi na mdomo ukiimba. Mtu mmoja anafanya kazi ya bendi. Katika nyatiti hakuna sauti inayovuma muda mrefu. Kila uzi unazaliwa upesi na kufa upesi. Sasa mchukulie mpiga benga gitaa la besi ambalo noti yake inachelewa kuamka, inavimba, kisha inagoma kuondoka. Umemfunga miguu. Hata awe fundi namna gani, wimbo utakuwa mzito kama uji uliopoa.

Nadhani sikio hili la mwambao ni la zamani kuliko umeme. Pale Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma, ziko ngoma za kila ukubwa, na watu wa kule hawazipimi kwa ukubwa. Kabla ya bugobogobo kuanza utawaona wapigaji wakizisogeza ngoma kwenye moto ili ngozi ikazike. Mtu anayetaka mngurumo tu asingefanya hivyo, maana ngozi iliyolegea ndiyo hunguruma. Wanaitaka ngoma ilie. Ngoma inayolia inasikika ng'ambo ya bonde, na anayelima huko anajua jembe linashuka wakati gani. Kiswahili chenyewe kimetupa maneno mawili, kulia na kuvuma, nasi tumeyachanganya.

Hapa kuna mtu ataniambia kwamba nimesahau historia: kwamba wanamuziki wetu hawakuwahi kuchagua chochote. Ni kweli kwa kiasi kikubwa. Katika miaka ya sabini na themanini vyombo vingi vya bendi vilikuwa mali ya chama, jumuiya, jeshi, shirika la umma au tajiri mwenye baa. Mpigaji aliajiriwa akakuta gitaa limeshanunuliwa, na siku alipohama bendi aliliacha ukutani. Katika bendi niliyopigia miaka hiyo, ambayo siitaji, gitaa la besi lilikuwa la mwenye ukumbi, na lilifungiwa stoo pamoja na makreti. Kufanya mazoezi nyumbani halikuwa jambo la kuulizwa. Nyuzi zilikuwa shida kuliko gitaa. Uzi ukipoteza mlio tuliuvua, tukauchemsha kwenye sufuria ili jasho na uchafu vitoke, tukaukausha na kuurudisha, ukapata uhai wa wiki moja au mbili. Wako waliofunga waya wa breki ya baiskeli kwenye gitaa la kawaida. Kwenye besi waya huo haufai, ingawa umaskini haukosi wa kuujaribu.

Pamoja na hayo nakataa kwamba hatukuchagua. Tulichagua kwa mkono. Ukilipiga gitaa karibu na shingo sauti inakuwa nene na laini. Ukirudi nyuma karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa, inakuwa kavu na yenye makali. Kati ya hapo na pale ni kama sentimita 30, na ndani ya sentimita hizo 30 kuna magitaa kumi. Tulichagua pia kwa kile kifundo cha toni, ambacho wengi wanakifungua chote au kukifunga chote kana kwamba ni bomba la maji. Ukumbi ulipokuwa mtupu saa mbili usiku tulipiga hivi, na ulipojaa saa sita tukapiga vile, kwa sababu miili ya watu inameza sauti.

Ndiyo maana simwamini kabisa mtu anayesema kwamba sauti iko kwenye vidole na gitaa si kitu. Hiyo ni nusu ya ukweli, na mara nyingi husemwa na mtu mwenye magitaa manne nyumbani akimfariji asiye na hata moja. Huyo hupenda kumtaja James Jamerson wa Detroit, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za Motown kwa kidole kimoja tu cha shahada. Naam, kidole kilikuwa kimoja. Lakini gitaa lilikuwa Fender Precision ya mwaka 1962, na nyuzi zake zilikuwa bapa, zile zilizofungwa kwa utepe laini badala ya waya wa mviringo, na inasimuliwa kwamba hakuwa na tabia ya kuzibadilisha. Nyuzi bapa zikizeeka hulainika na kuwa tamu. Nyuzi za waya wa mviringo zikizeeka hufa tu. Kwa hiyo kijana anayeniambia kwamba habadilishi nyuzi kwa kumfuata Jamerson namwomba kwanza aniambie nyuzi zake ni za aina gani.

Mwaka jana kwaya moja ya hapa mjini iliniomba niwasindikize kununua gitaa la besi. Sitaitaja, maana kilichofuata si sifa kwa kila mtu. Mkoa huu una historia ya kwaya zenye magitaa. AIC Makongoro ilijulikana nchi nzima, na vijana wengi waliokuja baadaye walijifunza besi kwa kuzifuata nyimbo za kwaya kabla hawajausikia muziki wowote wa dansi. Walikuja nyumbani watatu: mhazini, mwalimu wa kwaya, na mpigaji mwenyewe, kijana wa miaka 20 hivi.

"Shikamoo mzee," akasema kijana.

"Marahaba. Unataka gitaa gani?"

Akanitajia jina la kampuni, akaniambia lina nyuzi tano na betri ndani.

"Sikukuuliza jina. Nakuuliza unataka lisemeje."

Mhazini, mama mtu mzima, akaingilia kati. "Mzee wangu, sisi tunataka lisikike. La zamani lilikuwa linavuma tu, maneno ya wimbo hayaeleweki." Katika watu wote niliozungumza nao habari za besi kwa miaka mingi, sijui kama yuko aliyesema jambo la maana zaidi, na huyu mama hajawahi kushika gitaa.

Kwanza nilitaka kuliona kanisa lao. Ni jengo la matofali ya saruji, refu, paa la bati, sakafu ya saruji, madirisha ya vioo. Jengo kama hilo lenyewe ni ngoma. Sauti za chini zinajikusanya kwenye pembe na kurudiwa na kuta, kiasi kwamba mtu aliyekaa mstari wa nyuma anaisikia noti moja ikiwa na nguvu mara mbili ya jirani yake. Baa ya wazi, iliyokaa kati ya yale mawe makubwa ya mji wetu, ni kinyume chake: sauti za chini zinatoka, hazikuti ukuta, zinapotea ziwani. Kwa baa ya wazi ningekubali gitaa lenye kifua kikubwa. Kwa kanisa lile, kuongeza mngurumo ni kumwaga maji mtoni.

Dukani kulikuwa na magitaa ya besi matano. Nilimwambia kijana asiliunganishe hata moja na umeme kwanza. Gitaa la umeme huanza kuwa gitaa la mbao na nyuzi. Likiwa kimya na butu bila umeme, umeme hautalipa uhai, utalipa kelele. Akapiga kila moja polepole, mimi nimeweka kiganja juu ya mwili wake. Mawili yalitetemeka vizuri kotekote. Moja lilikuwa na sehemu iliyokufa kwenye uzi wa G, karibu na kituo cha tano hadi cha saba, ambako noti inazimika kabla ya wakati. Ugonjwa huo ni wa kawaida hata kwa magitaa ya bei kubwa, na dawa yake rahisi ni kuliacha hapo hapo dukani. Kisha nikamfundisha kuangalia shingo kama fundi seremala anavyoangalia ubao, jicho moja limefungwa. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma inayoweza kukazwa au kulegezwa, kwa sababu mbao huvuta unyevu wa masika na kuutoa kiangazi. Iwapo fimbo hiyo imekwama, gitaa hilo lina tarehe ya kufa.

Tukaingia kwenye umeme. Hapa lazima nizungumzie pikapu, nayo si gari: ni sumaku na waya mwembamba uliosokotwa, vilivyokaa chini ya nyuzi kuusikiliza mtikisiko. Gitaa la Precision lililotoka mwaka 1951, na ambalo ndilo liliiweka besi ya umeme mikononi mwa watu, lina pikapu moja katikati. Tangu mwaka 1957 pikapu hiyo imegawanywa vipande viwili vinavyofutiana kelele za umeme. Gitaa la Jazz la mwaka 1960 lina pikapu mbili nyembamba, moja mbele na moja nyuma. Ukizifungua zote kwa usawa zinafutiana kelele. Ukifungua moja peke yake, inavuma.

Kuvuma huko si jambo dogo kwetu. Umeme wa Tanzania hubadilika mara 50 kwa sekunde. Noti ya G iliyo kwenye kituo cha tatu cha uzi wa E ina mitikisiko 49. Yaani kelele ya umeme imekaa mlango wa pili na noti ya G, na katika jengo ambalo waya wa ardhini haukufungwa sawasawa, noti hiyo na jirani yake zitagombana ibada nzima. Msikilizaji hajui kwa nini G haitulii. Anadhani mpigaji amepotea. Ndiyo sababu kwa majengo yetu napendelea pikapu iliyogawanywa. Na ile betri ya voti 9 aliyoitaka kijana? Mtindo wa kuweka kikuza sauti ndani ya gitaa ulipata nguvu kuanzia mwaka 1976 lilipotoka StingRay, na sauti yake ina makali mazuri. Lakini magitaa mengi ya namna hiyo, betri ikiisha katikati ya wimbo, hukoroma au hunyamaza kabisa. Mhazini aliposikia hivyo alikunja uso, naye alikuwa na haki.

Mwishowe yalibaki mawili: lile la nyuzi tano alilolitaka kijana, na jingine la nyuzi nne, nakala ya Precision iliyotengenezwa Asia, lenye rangi ya kahawia isiyopendeza na bei ya chini sana. Muuza duka alilisifu la kwanza, kwa kuwa uzi wake wa tano unashuka hadi mitikisiko 31. Nikamwuliza spika gani ya kwaya inaitoa mitikisiko 31. Akacheka. Nikamwomba kijana apige wimbo mmoja wa kwaya yao kwa magitaa yote mawili, huku mwalimu akirekodi kwa simu akiwa amesimama nje, ng'ambo ya barabara. Tulipousikiliza mlio ule kwenye spika ya simu, lile la nyuzi tano lilikuwa limebaki tik-tik ya vidole. Lile la kahawia lilikuwa linaimba. Mhazini akaimba nalo.

Wakalinunua la kahawia, na fedha zilizobaki wakachukua seti mbili za nyuzi, moja bapa, na waya mzuri wa kuunganishia. Kijana hakufurahi siku ile. Hilo nalielewa, mtu wa miaka 20 anataka pia kuonekana.

Miezi mitatu baadaye walikwenda kurekodi. Fundi wa studio, ambaye naye simtaji, alimwambia kijana aliweke gitaa kwenye begi, kwa kuwa besi angeitoa kwenye kinanda. Huu ndio mtindo wa sasa, na una sababu zake: kinanda hakina kelele, hakikosei wakati, na fundi anamaliza kazi mapema. Mkono wa kushoto wa kinanda, au mashine inayoucheza mkono huo, umekwisha kuwaondoa wapiga besi wengi katika kwaya za kanda hii bila mtu kupitisha azimio lolote. Sina chuki na kinanda. Nasema tu kwamba noti yake ya besi huanza vile vile kila mara na kuisha vile vile kila mara, haina kidole kinachosita kabla ya neno zito, haina uzi unaokwaruza pale wimbo unapopanda. Inavuma kwa nidhamu.

Mwalimu wa kwaya alinyamaza. Aliyegoma alikuwa mhazini. Alisema kwamba gitaa limenunuliwa kwa michango ya watu na watu hao watataka kulisikia. Wakabishana, saa ikaenda, na studio hulipwa kwa saa. Hatimaye wimbo mmoja ulirekodiwa mara mbili, kwa kinanda na kwa gitaa, na mama yule akalipa saa ya ziada kutoka katika pochi yake mwenyewe.

Nimezisikia zote mbili. Ile ya kinanda, ukiipiga kwenye spika kubwa za kanisani, inatikisa mabenchi, na baadhi ya wazee wa kanisa wanaipenda hiyo kuliko nyingine. Wanasema ina utukufu. Ile ya gitaa ndiyo inayopita kwenye simu za watu. Asubuhi moja niliisikia pale Kirumba kwa msichana aliyekuwa akianika dagaa, simu ameiweka ndani ya kikombe cha bati ili ipaze sauti. Alikuwa haimbi maneno. Alikuwa akiifuata besi, kwa mdomo uliofungwa, na pale kijana anapoikata noti ya mwisho ya kiitikio yeye naye aliikata.

Kwaya ina nyimbo nyingine saba za kurekodi. Bado hawajakubaliana besi itatoka wapi.